Njia za Arabuko Ziachiwe Baiskeli

Wiki hii, kwenye matatu iliyotoka Malindi kwenda Kilifi, dereva wetu alimpigia honi kijana wa baiskeli mpaka akatoka kwenye lami, karibu na njia panda ya Gede. Kijana alikuwa amebeba mitungi ya maji, miwili ubavuni na mmoja juu ya keria. Hakuanguka. Alitia mguu chini, akaukamata usukani kwa mikono yote miwili hadi mitungi ikatulia, akangoja tupite. Abiria wa kiti cha mbele akasema, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa, "Hawa wa baiskeli wangekatazwa kabisa barabara kuu." Watu wakaitikia. Kisha mazungumzo yakahamia bei ya unga.

Mimi nilibaki palepale. Mkono wetu wa kulia ulikuwa msitu wa Arabuko-Sokoke, unatusindikiza mwendo mrefu tu. Ndani yake zimo njia ambazo lori halipiti wala matatu haipigi honi. Lakini vijana wangapi wa Gede, Mida na Jilore wamewahi kuziendesha baiskeli njia hizo kwa raha zao? Barabarani tunawafukuza, na msituni hatujawakaribisha. Hilo ndilo lililoniudhi, na bado linaniudhi.

Sisi wa pwani tunaupita msitu huu kila uchao, ila wachache tunauingia. Anayetaka kuujua aingie asubuhi na mapema, jua halijawa kali, akifuatana na mwongozaji wa kituo cha Gede, tena kwa baiskeli. Mwanzoni atakanyaga mchanga wa kijivu chini ya kivuli cha mibambakofi. Mbele kidogo mchanga unakuwa mweupe na tifutifu, tairi linazama, inabidi upunguze upepo na kukanyaga pedali bila kusita. Hapo umefika kwenye mirihi, miti iliyoachiana nafasi, mwanga unashuka mpaka chini. Ukizidi kwenda magharibi udongo unageuka mwekundu, vichaka vinasongamana, na humo ndimo unapokutana na muhuhu, mti ambao wachonga vinyago wameutafuta mpaka ukawa adimu. Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, nayo ni misitu mitatu ndani ya mmoja. Mwenye baiskeli huitambua kwa miguu yake kabla ya macho.

Mwenye gari hapati hayo. Injini inamtangaza kabla hajafika. Sange wa huku, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, hushinda mchana akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Akisikia mngurumo, ametoweka. Ukija kwa baiskeli, wewe ndiwe unayemsikia kwanza. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hafiki hata shubiri moja, anajulikana hasa hapa na kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki kule Tanzania. Mchana anasinzia kichakani, na kumwona kunataka ukimya na jicho la mwongozaji. Kwa miguu utayaona haya pia, lakini hutafika mbali. Kwa baiskeli unaweza kuukata msitu mpaka Nyari, kule ukingo wa magharibi, ugeuke na kuutazama wote ulivyotandazwa hadi baharini.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atauliza: na tembo je? Tembo wamo, na uzio wa umeme umewekwa ili wasivamie mashamba. Ndiyo maana nasema mwongozaji. Yeye hukagua kinyesi kama ni kibichi, hutazama matawi yaliyovunjwa, husikiliza, na akisema turudi, mnarudi. Tembo ni sababu ya kuwa na mtu anayeujua msitu. Hawajawa sababu ya kumfungia kila mgeni ndani ya gari.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, nami naiheshimu. Atasema baiskeli ndiyo hiyohiyo inayobeba mbao za wizi na mkaa usiku, kwa hiyo ukifungua njia umewafungulia wezi. Ni kweli baiskeli hutumika hivyo. Lakini mwizi wa mbao hangoji kufunguliwa. Vichochoro vyote anavijua, na anapenda sana msitu usio na watu. Anayezuiwa na geti ni mwanafunzi, ni mama wa Mida, ni fundi baiskeli ambaye angependa kuwatembeza wanawe Jumapili. Tukumbuke mradi wa Kipepeo ulipoanza Gede mwaka 1993. Wakati ule wakulima wengi wa mpakani walitaka msitu ufyekwe wagawiwe mashamba. Walipoanza kufuga vipepeo wa msituni na kuwauza ng'ambo wakiwa bado kwenye maganda yao, walioonja faida hiyo waliuona msitu kwa jicho jingine. Mtu hulinda kile ambacho amepewa nafasi ndani yake.

Wa tatu ataleta pesa: watalii wenye fedha huja kwa magari. Huyo namwomba aende hapo jirani, hori la Mida. Wageni hulipa wapite kwa miguu juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, na mapato hayo husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu. Wanaolipa pale hawalipii injini. Wanalipia utulivu, ndege na hewa. Baiskeli ingeongeza mengine: za kukodisha zikae Gede, fundi wa kuziba pancha apate kazi, mwongozaji apate safari nyingi zaidi, na mama wa mahamri apate wateja wenye njaa ya kweli.

Yupo na wa nne, ambaye hatasema wazi lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Huyu anaamini baiskeli ni ya asiye na uwezo, na kwamba maendeleo ni kuiacha. Ndiye aliyeitikiwa na matatu nzima. Namwelekeza Karura, Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wenye tamaa walitaka kuugawa msitu ule, Wangari Maathai na wenzake wakasimama kidete, wakapigwa, na mwaka 1999 dunia nzima ikasikia. Leo magari huegeshwa langoni, na wenye nacho na wasio nacho huendesha baiskeli kwenye njia zilezile. Hakuna anayemcheka mwenzake. Kama jiji kuu limeona hilo ni jambo la fahari, pwani tuna aibu gani?

Wengine wataona utaratibu tofauti unafaa, na mjadala uendelee. Mimi msimamo wangu ni huu. Magari ya wageni yasimame getini. Njia za ndani ziwe za miguu na baiskeli, isipokuwa kwa magari ya walinzi wa msitu na ya wale ambao miili yao haiwaruhusu kutembea wala kukanyaga pedali. Ada ya mwenyeji wa karibu iwe ndogo kiasi cha kutomfikirisha. Kila shule inayopakana na msitu ipewe asubuhi zake, na baiskeli za kuazima. Barabara kuu nayo itengewe ukingo wa baiskeli, maana njia nzuri ya msituni haimpi dereva ruhusa ya kumsukuma mtu kando ya lami.

Hakuna kati ya hayo kinachotaka lami mpya msituni wala kukata mti hata mmoja. Njia zipo tayari. Watoto waliozaliwa kando ya Arabuko-Sokoke wanastahili kuzipita bila kuogopa honi nyuma yao, na anayeona hawastahili ajitokeze atueleze ni nani anayestahili kuwashinda wao.