Mpagani ni Nani?

Mkatekumeni mmoja alirudi kijijini toka misioni, amekwisha kujifunza sala na amri kumi za Mungu. Babu yake alipomkaribisha kula, kijana akakataa mbele ya watu, akisema kwamba yeye hali pamoja na mpagani. Mzee hakujibu. Alikifunika chakula, akaingia nyumbani mwake.

Je, kijana alilijua neno alilolisema? Zamani, katika Kilatini, paganus alikuwa mtu wa shamba tu, mkaaji wa kijiji. Kwa maana hiyo kijana mwenyewe ni mpagani, na katekista wake pia! Katika karne ya 4 Wakristu waliosema Kilatini wakaanza kuwaita hivyo wale walioabudu miungu.

Neno «mshenzi» ni baya zaidi. Lilitoka pwani pamoja na wafanya biashara wa pembe na watumwa, waliofika hata Nyangwe na Kasongo, nao waliwaita hivyo watu wa bara. Halisemi lolote juu ya Mungu; ni dharau tupu. Na «kafiri», neno la Kiarabu, shina lake ni kufunika, kama kwamba mtu ameiona kweli akaificha. Lakini nani aliyeingia moyoni mwa mwenzake akayaona hayo?

Wakristu wa kwanza nao walilionja tukano. Kwa kuwa hawakuitolea sadaka miungu ya Roma, waliitwa watu wasio na Mungu. Katika karne ya 2 Polikarpo, askofu wa Smirna, aliletwa uwanjani, na liwali akamwamuru aseme kwamba wasio na Mungu waondolewe. Mzee yule aliutazama umati uliotaka damu yake, akaunyoshea mkono, akayasema maneno yale yale juu yao. Kisha akauawa.

Babu wa kijana humtaja Mungu kila mvua inyeshapo. Hajamjua Kristu bado. Lakini kumwita asiyeamini si kweli. Anayesema hakuna Mungu ni mtu mwingine, na anayesema hajui kama yupo ni mwingine tena. Yafaa kila mmoja aulizwe kwanza. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliweka ofisi Roma kwa ajili ya watu «wasio Wakristu». Mwaka 1988 hata jina hilo likaachwa, ikaitwa Baraza la Kipapa la Majadiliano kati ya Dini.

Kijana yule alikaa siku mbili bila kusemezana na mzee. Siku ya tatu alipeleka kuni nyumbani kwake, akaketi nje, akangoja kuitwa kula.