MWIZI AMECHOMWA MOTO, WIZI UMEBAKI!



Umeshaona kwa macho yako. "Mwizi! Mwizi!" Watu wanatoka mbio: mawe, fimbo, tairi, petroli. Dakika chache tu, mtoto wa mtu amekuwa majivu. Sasa jiulize: wiki iliyofuata, mtaani kwenu hakikuibiwa kitu? Kiliibiwa! Tena pengine na mtu aliyesimama palepale akitazama.

KWA NINI WOGA HAUTOSHI?

Wengi husema, "Mtishe sawasawa, ataacha." Sikia yaliyotokea Marekani. Katika miaka ya 1970, wafungwa wa vifungo virefu katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey, walikuwa wakiletewa vijana watukutu. Wakawafokea, wakawatukana, wakawaeleza mateso ya jela bila kuficha neno. Mwaka 1978 ikatoka filamu ya habari hiyo, ikapata tuzo ya Oscar. Watu wakashangilia: dawa imepatikana!

Lakini mtafiti mmoja, James Finckenauer, akawafuatilia vijana wenyewe. Mwaka 1982 akatoa majibu. Kati ya vijana 46 waliopelekwa kutishwa, 19 walifanya makosa tena. Na kati ya 35 ambao hawakupelekwa kabisa? Wanne tu! Watafiti wengine walipopima mipango ya namna hiyo, kwa jumla waliona vilevile: waliotishwa waliharibika zaidi.

Mbona hivyo? Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba anayekwenda kuiba mara nyingi hapigi hesabu ya miaka ya jela. Anasema moyoni, "Mimi sikamatwi." Na kijana akitishwa mbele ya wenzake, hutaka kuwaonyesha kwamba yeye si mwoga. Mkimwita "kibaka" kila siku, mwisho jina hilo analivaa kama shati.

Hatusemi adhabu ifutwe. Warumi 13 inatufundisha kwamba mtawala ana mamlaka juu ya mtenda mabaya. Lakini pingu hufunga mkono tu. Moyo haufungwi kwa pingu!

ADHABU MOJA, MIOYO MIWILI

Soma Luka 23:39-43. Wahalifu wawili walitundikwa siku moja, kwa adhabu moja, maumivu yaleyale. Mmoja akafa akitukana. Mwenzake akakiri kwamba amestahili, akamwomba Yesu amkumbuke. Kama adhabu ndiyo inayobadili watu, mbona haikuwabadili wote wawili?

MTU AKIPATA JINA JIPYA

Twende Monrovia, Liberia, nchi iliyotoka vitani mwaka 2003. Watafiti waliwachukua vijana 999 wa mitaani, wengi wao wezi, wapiganaji na wauza dawa za kulevya. Baadhi walifundishwa kwa wiki 8: kutawala hasira, kufikiri kabla ya kutenda, kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia dukani na benki kama raia wengine. Baadhi walipewa dola 200. Baadhi walipata vyote viwili, na wengine hawakupata kitu. Baada ya miaka 10 wakatafutwa tena. Waliopata vyote viwili, wizi na biashara ya dawa vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu!

Ule haukuwa mkutano wa Injili. Lakini tazama ulivyofanana na Waefeso 4:28! Paulo hamwambii mwizi "acha" halafu akaondoka. Anampa kazi ya mikono yake, tena anamfanya mtu wa kuwapa wahitaji. Aliyekuwa mwizi sasa anaitwa mtoaji!

WEWE JE?

Labda hujakamatwa bado. Labda umeshalala rumande, ukatoka, ukarudi kijiweni kulekule. Rafiki, usingoje tairi. Yesu anakuita, naye hakuiti kibaka.

1. Ungama kwake bila kuficha.
2. Rudisha ulichochukua, kama Zakayo (Luka 19:8).
3. Achana na kijiwe kile. Tafuta mtu mwaminifu akushike mkono upate kazi, hata kama ni ndogo.

Omba hivi: "Bwana Yesu, nimechoka kuogopa watu na kuendelea kutenda. Nisamehe. Nipe moyo mpya na jina jipya. Kuanzia leo mikono yangu ni yako. Amina."

Umeomba kwa kweli? Usikae peke yako. Mwambie mtumishi yeyote hapa uwanjani kabla hujaondoka.

Mungu akubariki!