Kadi Niliyoinunua Inamtii Nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani na kompyuta ya mezani ya mtumba. Nikamwekea Debian kwa flashi ya zamani niliyokuwa nayo, kwa kuwa ni ya bure na kwa kuwa, nikiri, napenda kujisifu kwamba sitegemei programu za watu. Kompyuta iliwaka vizuri, ila picha kwenye kioo zilikuwa kubwa kupita kiasi, na dirisha ukilisogeza linajikokota kama kobe. Ujumbe ukatokea: programu dhibiti ya kadi ya michoro haipo.

Nikamweleza kwamba kadi ile ina vichakata vidogo vidogo ndani yake, navyo vina programu yao, na programu hiyo inatoka kwa kampuni iliyotengeneza kadi. Tunaweza kuipakua na kuitumia. Kuisoma ikaeleweka, hapana. Kuirekebisha, hapana.

"Mjomba, si tumeshainunua?"

"Tumeinunua."

"Sasa mbona bado ni ya kwao?"

Sikuwa na jibu. Naliandika swali lake hapa, kwenye blogu ya watu wa vitabu, kwa sababu naona si la mafundi peke yao. Msomaji anajua uchungu wa kukabidhiwa maandishi na kuambiwa: yabebe, yatumie, ila usiyafungue.

Kisa hiki kina babu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale MIT nchini Marekani, maabara aliyofanyia kazi Richard Stallman ilipewa printa mpya ya Xerox. Printa ya awali walikuwa wameichezea programu yake, karatasi ikikwama inawatumia ujumbe wanaosubiri kazi zao. Hii mpya ilikwama vilevile, lakini msimbo chanzo hawakupewa. Stallman akamfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao. Yule bwana akamkatalia: alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU. Kinachonigusa hapa ni kwamba aliyemkatalia alikuwa mtu wa kazi kama yeye, wala hakuwa na ubaya naye. Alitimiza ahadi tu. Lakini ahadi yake kwa kampuni ilikuwa pia ahadi ya kutomsaidia jirani.

Sasa tuje kwenye kadi. Free Software Foundation, taasisi aliyoianzisha Stallman mwaka 1985, ina msimamo ambao mwanzoni ulinishangaza. Programu dhibiti iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, isiyokusudiwa kubadilishwa, wao huihesabu kama sehemu ya saketi, na hawaioni kuwa tatizo. Programu inayopakiwa kutoka kwenye diski kila unapowasha kompyuta, hiyo wanaikataa kama si huria. Hoja yao ni hii: kilichochomwa, hata kampuni haiwezi tena kukigeuza, kwa hiyo mimi nayo tuko sawa mbele yake. Faili, kampuni inaweza kulibadili kesho, mimi siwezi. Hapo pana mtawala na mtawaliwa.

Hoja ina akili. Lakini angalia inakotupeleka. Chukua kadi mbili zenye programu ileile, herufi kwa herufi. Ya kwanza imeizika ndani ya chipu, ya pili imeiacha kwenye faili ninaloliona kwa macho. Ya kwanza inaitwa safi, ya pili najisi. Yaani anayeficha zaidi ndiye anayesamehewa! Mtengenezaji mjanja akisikia hivyo, atazika kila kitu na kujipatia sifa.

Watu wa Debian nao walihangaika na jambo hili kwa miaka. Mwaka 2011, katika toleo la 6, waliziondoa programu dhibiti zisizo huria kwenye keneli yao. Oktoba 2022 wakapiga kura na kukubali ziwemo kwenye kisakinishi rasmi, na toleo la 12, la Juni 2023, likatoka hivyo. Kuna waliolia kwamba wamesaliti msimamo. Mimi ilinishika hoja moja. Mtu asiyeona husakinisha kwa kusikiliza kompyuta ikimsomea. Kama kadi ya sauti nayo inadai programu dhibiti isiyo huria, huyu hana hata pa kuanzia. Hebu niambie, usafi wa msimamo wangu una thamani gani ikiwa anayeulipia ni yeye, na mimi ninayeona nimekaa kando najipongeza?

Kwa hiyo nimekata shauri kwamba siri peke yake siyo kiini cha ubaya. Kuna mambo chungu nzima nisiyoyajua ndani ya redio yangu na sijaonewa. Ubaya unaanza pale kufuli linapowekwa makusudi ili hata anayejua asiweze.

Mfano upo wazi. Waandishi wa Nouveau, kiendeshi huria cha kadi za Nvidia, walifanya kazi ngumu ya kuchunguza kadi jinsi inavyofanya kazi, bila kupewa maelezo, na kiendeshi chao kikaingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2010. Kisha, kuanzia kadi za kizazi cha pili cha Maxwell, mwaka 2014, sehemu muhimu za kadi zikawa hazikubali programu dhibiti isiyo na saini ya kidijitali ya kampuni. Hapo ujuzi haukusaidia kitu. Kadi uliyoinunua ilibaki kwenye mwendo wa chini wa kuwashia, kwa kuwa kupanda juu kulihitaji saini hiyo. Mwaka 2022 kampuni ilifungua msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayokaa kwenye keneli, watu wakashangilia. Lakini kazi nyingi zilikuwa zimehamia kwenye programu dhibiti ya kichakata kilicho ndani ya kadi, nayo bado imefungwa. Mlango umefunguliwa, vyombo vimehamishiwa chumba cha ndani.

Tuwe waungwana, kampuni nazo zina la kusema. Wapo matapeli waliobadili programu za kadi dhaifu ili zijitangaze kuwa kadi za bei kubwa, na mnunuzi wa kawaida ndiye aliyelia. Saini humlinda mnunuzi huyo. Nakubali. Lakini mlinzi wa mlango wangu anapokataa hata mimi mwenye nyumba nisiingie, hapo ulinzi umekuwa kitu kingine. Ingetosha kunipa namna ya kuweka saini yangu mwenyewe, kwa hatari yangu mwenyewe.

Na sisi tunaopenda uhuru tusijitoe lawamani. Miaka ya 2000 Timothy Miller na wenzake walianzisha Open Graphics Project, wakitaka kadi ambayo maelezo yake yote yako wazi. Walifika mpaka kutoa ubao wa majaribio, OGD1, wenye chipu za FPGA, yaani chipu ambazo saketi zake unaweza kuzipanga upya. Ulikuwa ghali kuliko kadi za kawaida za dukani, tena wenye nguvu ndogo kuliko hizo. Kadi ya kuuzwa kwa watu wote haikupata kutoka. Wangapi kati yetu tuliousifu uwazi tungekubali kulipa zaidi ili tupate kidogo? Mimi, kusema kweli, nisingelipa.

Basi nikalipakua lile faili nikaliweka. Kioo kikatulia, herufi zikawa ndogo na nzuri. Mpwa wangu hakuondoka. Akalitafuta faili lenyewe, akalifungua kwa kihariri cha maandishi, kikajaa alama za ajabu kutoka juu hadi chini.

"Mjomba, hii ni lugha gani?"

"Ya mashine."

"Kuna anayejua imeandikwa nini?"

"Wapo," nikamwambia. "Ila wameahidi kutotuambia."