Kusema Kwanza, Kisha Kuomba
Miongoni mwa Wairaqw wa Karatu, kikao cha wazee hufungwa kwa slufay, sala ndefu ya kishairi: mzee mmoja huomba, waliohudhuria humwitikia, wakimsihi Looa, mungu wao, awaepushe na maradhi na ugomvi. Mpangilio huo wa Wairaqw una hekima kubwa: yaliyo moyoni husemwa kwanza, ndipo huombwa. Hekima hiyo yamfaa pia mwenye sonona: akiambiwa tu kwamba imani yake ni haba, hunyamaza, na ugonjwa huzidi. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha na dawa. Sala haishindani navyo. Kiongozi wa dini anayeletewa muumini asiyekula wala kulala na amsikilize bila kumhukumu, amwombee, kisha amfikishe hospitali.