Dada wa Kazi, Labani na Haki ya Aliye Ugenini



Kuna jambo limenisumbua tangu Kwaresima, na leo nimeona nisikae nalo peke yangu.

Binti wa mjomba wangu anafanya kazi za ndani Muscat, Oman. Aliondoka kama wengi wanavyoondoka: wakala, mkataba wa miaka miwili, ndege ya usiku. Hela yake ndiyo iliyoezeka nyumba ya mjomba kwa bati, na ndiyo inayomsomesha mdogo wake sekondari. Lakini alipofika tu, bosi alichukua pasipoti yake akaifungia kabatini. Siku ya mapumziko hana. Simu anapewa usiku, kazi zikiisha. Tuliposikia hayo nyumbani tulichukia sana. Jumamosi kwenye jumuiya mama aliomba tumtolee fumbo moja la Rozari, na kila mtu alisali kwa uchungu.

Wiki hiyohiyo nilitakiwa kupeleka parokiani cheti changu cha Kipaimara, maana nilikuwa nasimamia ubatizo. Mama akaniambia kipo kwenye bahasha ya kaki, ndani ya kabati lake. Nikaifungua ile bahasha, nikakuta na kitambulisho cha taifa cha dada wetu wa kazi. Dada ametoka Iringa, ana miaka ishirini, na huu ni mwaka wake wa pili hapa kwetu Dar es Salaam. Siku hiyo ndiyo nilisoma majina yake matatu kwa mara ya kwanza. Siku zote tunamwita "dada", basi.

Nikamuuliza mama. Akanijibu bila kusita: "Si ndiyo dhamana yetu hiyo? Yule aliyepita umesahau aliondoka na simu ya baba yako?"

Naomba nimtendee mama haki. Si mtu katili. Dada anakula tunachokula, na alipougua malaria mama ndiye aliyempeleka hospitali akalipa kila kitu. Hofu yake pia ni ya kweli, simu iliibwa kweli. Lakini nikawaza: labda hata yule bosi wa Muscat ana kisa chake kama hicho. Kama kushikilia pasipoti ya binamu yangu ni dhuluma, hichi tunachokifanya sisi kinaitwaje?

Nilijaribu kujitetea. Jibu la kwanza lililonijia ni hili: dada alikubali mwenyewe. Sawa, lakini hata binamu alisaini mkataba, na hatujawahi kusema kwamba sahihi yake imemhalalishia bosi kila kitu. Mtu mwenye shida anakubali mengi, na kukubali kwake hakugeuzi baya kuwa jema.

Jibu la pili: kwao angekuwa na hali ngumu zaidi. Inawezekana. Ila umaskini wa mtu unaeleza kwa nini alikuja kwako. Haukupi ruhusa ya kumpunguzia haki yake.

Jibu la tatu ndilo lililonishika zaidi, kwa sababu ni zuri kulisikia: dada kwetu si mfanyakazi, ni ndugu.

Hapo nikamkumbuka Labani. Fungua Kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 29. Yakobo anafika kwa mjomba wake akiwa mkimbizi, hana kitu mkononi. Labani anamkumbatia, anamkaribisha nyumbani, anamwambia kwamba ni damu yake. Maneno matamu kabisa. Halafu soma sura ya 31 usikie Yakobo anavyolalamika baada ya miaka 20: joto mchana, baridi usiku, usingizi hakuna, na mshahara wake umebadilishwa mara kumi. Aliyemdhulumu ni yuleyule aliyemwita ndugu.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Neno "ndugu" linatakiwa liongeze haki, lakini sisi tunalitumia kuipunguza. Ndugu haulizi mshahara umechelewa kwa nini. Ndugu hahesabu saa za kazi. Lakini zinapokuja habari za urithi au kikao cha familia, hapo ghafla anakuwa mtu baki. Kama kweli ni ndugu, basi apate kwanza kile ambacho hata mgeni anastahili.

Na mgeni anastahili nini? Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kumwonea kibarua maskini, awe Mwisraeli mwenzako au mgeni anayeishi katika nchi yako. Wote wawili wanatajwa pamoja, na ujira wao ulipwe kabla jua halijatua. Haki ya kibarua haitokani na kabila lake wala mahali alipozaliwa. Inatokana na yeye kuwa mtu, sura ya Mungu, na hiyo sura haiachwi stendi ya basi wala uwanja wa ndege. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981, katika waraka wa Laborem Exercens, kwamba mtu aliyehama kutafuta kazi asiwekwe chini ya wafanyakazi wengine katika haki zake, na kuhama kwake kusigeuzwe nafasi ya kumnyonya.

Utasema dada hajavuka mpaka wowote. Kweli. Lakini yuko mbali na kwao, analala kwa mwajiri wake, na akionewa hana mzee wa karibu wa kumkimbilia. Mkataba wa kimataifa kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa mwaka 2011, unasema wazi kwamba mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Hiyo saa 24 iliniumbua. Dada ni Mkatoliki kama sisi. Jumapili tunaenda Misa ya pili familia nzima, tunarudi tunakuta chakula mezani. Nani alipika? Tangu aje, amesali Misa Krismasi na Pasaka tu. Februari 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa Abu Dhabi, na walihudhuria watu zaidi ya laki moja, ndani na nje ya uwanja, wengi wao wafanyakazi wahamiaji kutoka Ufilipino, India na kwingineko. Kanisa la kule Ghuba ni lao. Na sisi, katika nchi ambayo kengele za Misa zinasikika mpaka jikoni, tulimwacha dada na sufuria.

Tusisahau pia anachotupa. Mama anawahi kazini kwa sababu dada yupo. Mimi nasoma chuo nikiwa na nguo safi kwa sababu dada yupo. Kama bati la mjomba limetoka Muscat, basi shahada yangu nayo kwa sehemu imetoka Iringa.

Nilizungumza na mama jioni moja tukiwa wawili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na Jumapili nani atapika?" Nikajikuta nimejibu, "Mimi." Kusema kweli nilijuta papo hapo. Kumwombea binamu aliye Muscat hakukuwa kumenigharimu kitu. Haki ya dada ilinigharimu usingizi wa Jumapili, na ndipo nikaelewa kwa nini tunapenda kutetea haki za walio mbali.

Kitambulisho mama alikirudisha kesho yake, bila hotuba. Dada alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakiweka kwenye pochi yake. Sasa anaenda Misa ya kwanza, na siku inayobaki ni yake. Pasipoti ya binamu bado iko kabatini kwa bosi, na bado tunamwombea. Tofauti ni kwamba sasa naweza kusali sala hiyo bila aibu.

Kijana mwenzangu, wiki hii usianzie mbali. Muulize dada au kaka wa kazi nyumbani kwenu: majina yako kamili ni nani? Unapumzika lini? Hati zako ziko wapi?

Tusali: Ee Yesu, uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto, ukaishi ugenini pamoja na Maria na Yosefu, walinde wote wanaotafuta riziki mbali na kwao. Na sisi tunaokula kwa jasho lao, utupe moyo wa kuwapa kilicho chao. Amina.