Haki ya Mwili na Kiasi cha Azma

Alhamdu lillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila ikishapita Idi twasikia barazani viapo vya ajabu. Huyu aapa kupunguza kilo 20 kabla ya arusi ya bintiye. Yule aacha wali, mkate na mahamri kwa siku moja, akashinda na maji ya ndimu. Mwezi haukwishi, wote wawili wamerudi kwenye sinia la biriani, na tumbo limezidi lilivyokuwa. Kisha husema, "Ndivyo Mungu alivyoniumba." La! Huko ni kumsingizia Mola makosa ya azma zetu.

Hatusemi haya kwa kuwacheka. Twasema kwa kuwa tumechoka kuwazuru ndugu waliokatwa miguu kwa kisukari, na kuwazika waliopigwa na kiharusi hali watoto wao wangali wadogo. Si kila maradhi hayo yatokana na unene, walakini unene ni mmoja katika milango yake mikubwa.

Tukumbuke kisa cha Sahaba Abdullah bin Amr. Alitaka kufunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume s.a.w. alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, akamwelekeza kwenye funga ya siku tatu kwa mwezi. Yeye akazidi kuomba, hata akaruhusiwa funga ya Nabii Daud, siku moja kufunga na siku moja kula. Alipozeeka alitamani lau angaliipokea ile rukhsa. Ikiwa katika ibada yenyewe tumefunzwa kiasi, seuze katika kupunguza mwili?

Na waganga wa leo wasema maneno yaliyo karibu na hayo. Mwenye kilo 100 asianze kwa kutaka 70. Akipunguza kilo 5 mpaka 10, polepole, presha na sukari huanza kushuka. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu waliokaribia kuingia kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzani wao, na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliopatwa na maradhi hayo katika kundi lao walikuwa wachache kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano: mwendo wa haraka baada ya Alfajiri. Wala mume asimzuilie mkewe kutembea, kwani Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha. Vijiko vitatu vya sukari katika chai viwe viwili, kisha kimoja. Lakini atumiaye sindano au vidonge vya kisukari asipunguze chakula wala asifunge bila ya shauri la daktari, kwani sukari yaweza kushuka ghafula ikamwangamiza.

Basi asomaye haya asiape. Na achague jambo moja aliwezalo wiki hii, na Ijumaa ijayo ajihisabu. Akilidumisha, aongeze; akiteleza, arejee bila ya kukata tamaa.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atuwezeshe kuitumia katika kumtii. Wabillahi tawfiq.