Jasho la Nakala

Kuna swali ambalo sisi vijana tunaoandika huwa tunalikimbia. Mtu anayeiga kazi ya mwenzake kwa mikono yake mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuficha, je, ni mwizi? Ni mwongo? Au naye ni fundi kama mafundi wengine? Tukiliuliza kwenye hadithi na mashairi tunaanza kurushiana maneno, huyu kamwiga fulani, yule kaiba mtindo wa fulani, na tunaachana hakuna aliyejibu kitu. Basi leo nataka tuliweke swali hili juu ya chuma. Chuma hakina maneno mengi.

Gari ninalolifikiria ni Ferrari 250 GT California Spyder. Ni gari la wazi, paa lake turubai, injini yake silinda 12 zenye ujazo wa lita 3. Lilitengenezwa Italia kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1960, likilengwa hasa kwa Wamarekani wenye pesa zao, na jina lenyewe linasema hivyo. Yote yaliyotengenezwa ni mia moja na ushee tu, basi. Mwezi Februari 2015, huko Paris, moja la mwaka 1961 lilipigwa mnada likauzwa zaidi ya yuro milioni 16. Kabla ya hapo lilikuwa limelala bandani kwa miaka mingi huko Ufaransa, limefunikwa na marundo ya magazeti. Rangi imepauka, vumbi tele. Milioni 16, na halijafutwa vumbi!

Sasa chukua mtu anayelipenda gari hili kwa dhati lakini hana hata sehemu ndogo ya pesa hizo. Afanyeje? Anaweza kubandika picha ukutani, kama tulivyofanya wengi wetu. Anaweza kununua nakala ya faiba. Au anaweza kununua mabati, nyundo na mtungi wa gesi, akajifungia karakanani miaka kadhaa na kulifua upya, bati kwa bati. Watu wa namna hii wapo Ulaya na Marekani, na ndio wanaonisumbua akili.

Nakala ya faiba hainisumbui. Faiba unaimwaga kwenye kalibu, inakauka, unaitoa, na kesho unatoa nyingine. Wengi wetu tumeliona gari hili kwa mara ya kwanza katika sinema ya Ferris Bueller's Day Off ya mwaka 1986, ile ambayo kijana wa Chicago anaogopa kuligusa gari la baba yake, na mwisho gari linapasua kioo cha nyuma ya nyumba na kuporomoka bondeni. Magari yaliyotumika kwenye matukio ya namna hiyo yalikuwa nakala za bodi ya faiba. Nani angeangusha la kweli? Lakini moyo uliokupasuka ulipoliona likidondoka ulikuwa moyo wako wa kweli. Hapo nakala ilibeba kipigo kwa niaba ya asili, na sisi tunaotunga watu wasiokuwepo hatuna haki ya kuicheka.

Chuma ni habari nyingine kabisa. Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana anayehukumu nakala bila kujua inavyotengenezwa anahukumu hewa.

Kwanza unajenga kiunzi cha mbao, vipande vilivyokatwa kwa mkunjo wa gari na kusimamishwa kama mbavu za jahazi. Kiunzi hiki ni cha kupimia tu. Unachukua bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 1, unalikata, unaliweka juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga na kulipiga kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo. Kila pigo linatanua chuma na kukipunguza unene. Bati linajaa mabonde na vilima, ukilitazama unaweza kukata tamaa. Halafu unalipitisha katikati ya magurudumu mawili ya chuma, la juu bapa, la chini lenye mgongo, unakwenda unarudi, unakwenda unarudi, mpaka vilima vinalainika. Unalipeleka kwenye kiunzi. Halikai. Unarudi kwenye mfuko wa mchanga. Unalipeleka tena. Limekaa mbele, limeachia nyuma.

Na chuma kina kiburi kuliko alumini. Ukikipiga sana kinakuwa kigumu na mwishowe kinapasuka, kwa hiyo inabidi ukipashe moto kiive, kisha ukiache kipoe taratibu ili kilegee. Mahali palipotanuka kupita kiasi unapachoma kwa mwenge kwenye eneo dogo, unagonga, unapoza kwa kitambaa chenye maji, panajivuta. Ukichomelea vipande viwili, joto linavuta bati zima na kulipinda. Kazi ya wiki nzima inaharibika kwa dakika tano. Hapo ndipo gereji nyingi hukimbilia puti. Fundi ninayemsema hakimbilii puti. Anaanza upya.

Aliyewahi kupita Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, akasikia nyundo zinavyogeuza mabati kuwa majiko na masanduku, mlio huo anaujua. Italia ilikuwa hivyo hivyo. Bodi za California zilitoka katika karakana ya Sergio Scaglietti, mjini Modena, na kwa kawaida zilikuwa za chuma, isipokuwa boneti, milango na mfuniko wa buti vilivyokuwa vya alumini. Scaglietti, aliyezaliwa 1920 na kufariki 2011, alisifika kwa kufua magari kwa kukadiria kwa jicho. Kilichomwongoza zaidi ya michoro ni macho, mikono, mfuko wa mchanga na nyundo. Ndiyo maana magari ya aina hii hayafanani sawasawa. Ukipima moja na jingine unakuta tofauti, na hata kwenye gari moja upande wa kushoto unaweza usilingane na wa kulia.

Hebu tusimame hapo. Kama asili zenyewe hazifanani, nakala inanakili nini? Picha kamili ya California haikuwepo mahali popote, wala kabatini kwa Ferrari wala kichwani mwa Scaglietti. Kulikuwa na mkono unaotafuta mkunjo, mara mia moja na ushee, na kila mara ukaupata kwa tofauti kidogo. Anayenakili leo anaufuata mkono huo, na mkono wake nao utakosea kwa namna yake.

Kuna jambo jingine linalonichekesha. Gari la miaka ya 1960 huoza. Sehemu za chini zinaliwa na kutu, tenga limewahi kugongwa, sakafu ina matundu. Mwenye mali analipeleka kwa bingwa wa kukarabati magari ya kale. Bingwa anakata chuma kilichooza, anafua kipya, anachomelea. Gari linatoka likiwa bado "halisi", kwa sababu namba ya chesisi ni ile ile. Basi jumatatu fundi huyo anafua tenga la gari halisi, na tenga linakuwa sehemu ya historia. Jumanne anafua tenga jingine, bati lile lile, nyundo ile ile, jasho lile lile, kwa ajili ya nakala, na tenga linaitwa feki. Tofauti iko wapi? Kwenye chuma haipo. Iko kwenye kibati kidogo chenye namba.

Ni lile jembe la babu, ambalo mpini umebadilishwa mara tatu na jembe lenyewe mara mbili, na bado tunasema ni la babu. Tunasema kweli, kwa sababu hatukuacha kulima nalo. Nakubali kwamba mfululizo huo una thamani. Gari halisi lilikuwepo siku fulani, barabara fulani, na mtu fulani akiwa ameshika usukani, na kuchomelea bati jipya hakufuti siku hiyo. Nakala haina siku hiyo, na haiwezi kuinunua hata kama kila mkunjo wake ni bora kuliko wa asili. Anayegonga namba ya uongo kwenye chesisi anaiba siku hiyo. Huyo ni mwizi, sina la kumtetea.

Lakini yule asiyegonga namba ya uongo? Anayemwambia kila mnunuzi, bwana, hii nimeifua mwenyewe?

Mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilikutana na jambo la jirani na hili mwaka 1991. Bwana mmoja wa Tennessee alikuwa akitengeneza nakala za faiba za Ferrari mbili, mojawapo ikiwa Daytona Spyder, nalo gari la wazi na adimu. Kampuni ya Ferrari ikamshitaki. Utetezi wake ulikuwa kwamba wanunuzi wake hawadanganyiki. Anawaeleza wazi wananunua nini. Mahakama haikukubali. Ilisema kwamba hata kama mnunuzi anajua, mpita njia hajui. Anaona umbo barabarani anadhani ni Ferrari, na sifa ya lile la kweli, pamoja na uadimu wake, inapungua. Jaji mmoja alipinga, wengine wakashinda.

Nimelifikiria shauri hili mara nyingi. Kwanza lilinikera. Nani kasema mwenye gari ana deni la ukweli kwa kila mtu aliyesimama kituoni? Mwanamke aliyevaa nywele za bandia hasimamishi watu kuwaambia. Isitoshe nahisi kilicholindwa pale kilikuwa zaidi uadimu wa bidhaa kuliko ukweli, na uadimu ni jambo la biashara. Lakini upande mwingine siwezi kuupuuza. Mpita njia naye ni mtu. Akigeuza shingo kwa mshangao, mshangao huo ameutoa bure, na ameutoa kwa kitu anachoamini kiko mbele yake. Kuupokea huku umenyamaza, na kuupokea kila siku, ni kula cha mtu. Kwa hiyo nadhani swali la uongo halimalizwi na risiti ya mauzo. Linabaki na dereva, kila anapotazamwa.

Sasa nirudi kwetu waandishi, maana naona wenzangu wameshaanza kupiga miayo. Inasimuliwa kwamba Hunter S. Thompson, kabla hajawa mtu, alikuwa akiandika upya kwa taipureta kurasa za The Great Gatsby, ili vidole vyake vijue kuandika maneno yale kunakuwaje. Mimi nilifanya hivyo kwa Rosa Mistika ya Kezilahabi, kalamu na kaunta buku, sura kadhaa. Nilipokuwa nasoma tu, sentensi zilipita kama daladala tupu. Nilipozinakili niliona mahali alipokata, mahali alipoacha kueleza ambapo mimi ningeeleza ukurasa mzima. Nyundo yangu ilijua jambo ambalo macho yangu hayakujua. Wanaotuambia "usiige, kuwa wewe" wanatutuma kufua bati ambalo hatujawahi kuligusa.

Hata hivyo kuna kitu ambacho kunakili hakukunipa, na sidhani kama kunampa fundi wa nakala pia. Kezilahabi alipofika katikati ya ukurasa hakujua sentensi inayofuata. Mimi niliijua, ilikuwa imeshapigwa chapa. Scaglietti alipolipiga bati lile kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kama mkunjo ule utapendeza au utachekwa. Fundi wa nakala anajua kwamba utapendeza. Dunia imeshamwambia, kwa yuro milioni 16. Saa zake za kazi zinaweza kuwa nyingi kuliko za asili, chuma chake safi zaidi, machomeleo yake imara zaidi, lakini hofu ile hana. Anayo hofu nyingine, ya kama mkono wake utaweza, na hiyo si ndogo. Ila ni hofu ya mwanafunzi mbele ya mtihani ambao majibu yake yapo. Kwa hiyo nakala ya chuma, kwangu mimi, ni kazi ya kweli kabisa na bado si tendo lile lile. Anayeniambia ni takataka sikubaliani naye. Anayeniambia ni sawa na ya Scaglietti sikubaliani naye pia.

Mtu wa namna hiyo akimaliza, baada ya miaka yote hiyo, atachonga nini kwenye kibati cha chesisi? Ningekuwa mimi ningeandika jina langu na mwaka, ndani ya mlango, mahali ambapo anayelifungua gari kulitengeneza ataona. Mpita njia hataona. Atasimama kando ya barabara kwenye taa nyekundu, pengine mtoto wa shule na begi lake mgongoni, atainama aseme, "Anko, hii Ferrari?" Dereva anaweza kusema ndiyo. Anaweza kusema hapana, naye mtoto akaondoka akidhani ameonyeshwa kitu cha bure. Maelezo yaliyo katikati yanachukua kama nusu saa, na nyuma kuna foleni, na taa imeshawaka kijani.